Fundi na Kanyagio Lake

Kwa miaka arobaini Fundi alishona nguo sebuleni kwake kwa cherehani ya kukanyaga. Mikono ilipoanza kutetemeka, daktari alimwambia ana ugonjwa wa Parkinson. Binti yake akachukua kazi ya kutunga uzi, yeye akabaki na kanyagio. Kazi ikaendelea.

Kisha akaanza kuanguka. Mteja akibisha hodi, Fundi huinuka upesi, macho hujaa giza, na mara yuko sakafuni. Safari ya pili alipasuka juu ya jicho. Mkewe akampunguzia maji ya kunywa, ili asiinuke kila mara kwenda chooni. Binti akaona hiyo haitoshi. Alinunua kitambaa kizito, akasema Jumamosi cherehani itafunikwa na baba atapumzika kitandani.

"Nifunikeni na mimi basi," alisema Fundi. Hakuna aliyecheka.

Ijumaa jirani yao muuguzi alikuja kuchukua sare yake. Akaliona jeraha, akauliza, kisha akaenda kuleta kipimo cha presha. Alimpima Fundi akiwa amelala kwa dakika tano. Akampima tena akiwa amesimama, mkewe kamshika kiunoni. Presha ilikuwa imeshuka sana.

Akawaeleza kwamba mtu akisimama, damu huteremkia miguuni. Kwa kawaida mishipa ya damu hujikaza na moyo huongeza mapigo, ili damu ifike kichwani. Parkinson huweza kudhoofisha neva zinazotoa amri hiyo. Maji yakipungua mwilini, hali huzidi.

Mke akainama. "Kumbe ni mimi niliyekuwa namwangusha."

"Ulikuwa unamlinda, mama. Sasa mlinde kwa maji."

Aliwaagiza wamwone daktari apitie dawa, wala wasiache dawa yoyote kwa hiari yao. Na kabla ya kusimama, Fundi akae kwanza, achezeshe miguu, ndipo ainuke polepole.

Fundi akavuta kiti. Akakanyaga bila uzi: kisigino, vidole, kisigino, vidole.

"Kama hivi?"

"Hivyo hivyo, baba," alisema muuguzi.

Daktari alibadilisha dawa moja, akampangia kiasi cha maji. Siku hizi mteja akibisha hodi, Fundi humwambia asubiri, anashona hewa kidogo. Hukanyaga, huinuka taratibu. Ni miezi mitatu hajaanguka.

Kile kitambaa cha kufunikia cherehani alikikata mwenyewe. Akamshonea mkewe aproni, yenye mfuko mmoja mpana. Chupa ya maji inaingia sawasawa.