Mkanda Uliopakwa Sabuni

Uvumi ule ulimganda Chiriku kama kupe sikioni mwa ng'ombe. Aliuleta rafiki aliyekaa naye dawati moja, ambaye aliupata kwa kaka yake, na kaka mtu hakusema ameutoa wapi. Eti mafundi magari huwabadilishia watu mikanda ya injini ikiwa bado mizima ili wale hela zao. Eti mkanda ukilia, unausugua tu kwa kipande cha sabuni kavu, unanyamaza.

"Ni siri yao," rafiki alinong'ona. "Hawawezi kukuambia."

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kila asubuhi alimsaidia mama yake kupakia mikate kwenye gari lao kuukuu, wakaisambaza madukani kabla ya kengele ya shule. Wiki ile gari lilizua kituko. Likiwashwa tu, lilipiga ukelele mpaka majirani wakachungulia madirishani.

"Jirani, leo unakwenda kazini au unachinja mbuzi?" mmoja alitania.

Mama alicheka, lakini siku hiyohiyo alilipeleka gereji, Chiriku akiwa naye. Fundi alifungua boneti, akamulika kwa tochi.

"Mkanda umechoka, dada. Tazama nyufa hizi. Huu haumalizi wiki."

Akataja bei ya mkanda na ya kazi yake. Mama alivuta pumzi. "Haya, kesho nitakuletea. Keshokutwa nampeleka mama hospitali akatolewe mtoto wa jicho, sitaki balaa njiani."

Walipofika nyumbani, mama alimwambia Chiriku taratibu, "Mwanangu, ile safari ya darasa lenu haitawezekana. Hela yake ndiyo hiyo inaingia kwenye mkanda."

Chiriku aliingojea safari hiyo ya ziwani tangu muhula uanze. Na uvumi ukaanza kumtekenya upya: mkanda mzima, sabuni kavu, siri yao.

Mama alipokuwa jikoni anakanda unga, Chiriku alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akafungua boneti kama alivyomwona fundi akifanya. Akapenyeza mkono na kuusugua mkanda kila alipofikia.

Asubuhi gari liliwaka kimya kama paka. Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Kumbe ulikuwa umande tu," alisema. "Basi mkanda usubiri kwanza, tumalize hospitali."

Chiriku alikaza midomo asicheke. Siku hiyo nzima alijiona fundi.

Ijumaa bibi alikaa mbele, mkoba mapajani, Chiriku nyuma. Barabara ya hospitali ina mteremko mrefu, na mwisho wake pana kona kali kabla ya daraja. Walikuwa katikati ya mteremko waliposikia kishindo chini ya boneti, kama mjeledi. Taa nyekundu ikawaka mbele ya mama. Usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

Mama aliung'ang'ania usukani kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamsimama, mguu ukikanyaga breki. Gari likaifuata kona nusu, likakataa, likakubali, na mwisho likasimama ukingoni mwa mtaro. Jiwe moja liliporomoka mtaroni. Chini maji yalisikika.

Bibi, ambaye macho yake yaliona ukungu tu, aliuliza, "Tumefika?"

Mama alivuta breki ya mkono, kisha akampigia fundi simu.

Fundi alikuja na pikipiki. Aliuvuta mkanda uliokatika, akautazama, kisha akaunusa.

"Dada, mkanda huu unanukia kama shati la sikukuu. Mliufua?"

Mama alishangaa. Mdomo wa Chiriku, usiojua kupumzika, ulikuwa umekauka. Lakini alimtazama bibi, akautazama mtaro.

"Ni mimi, mama. Niliupaka sabuni usilie."

Mama hakumpiga wala kumfokea. Alimshika mikono, akavikagua vidole vyake, kimoja baada ya kingine.

"Gari lilikuwa limezimwa?"

"Limezimwa, mama."

"Na kama ningekuja kuliwasha?"

Chiriku alivitazama vidole vyake. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Mkanda ulipokatika ulivunja na puli, kigurudumu kinachoukaza. Kwa hiyo mama alilipia mkanda, puli na safari ya fundi, gharama karibu mara mbili. Bibi akapangiwa siku nyingine.

Fundi alipomaliza kazi alimwita Chiriku. "Mikono nyuma. Simama hapo. Macho tu."

Akawasha. Chiriku aliduwaa. Mkanda mmoja, si mpana kuliko ule wa sare yake, ulipita juu ya puli hii, ukazama chini ya ile, ukapanda tena. Huku uliendesha pampu ya maji yanayopoza injini, kule uliitia betri umeme, na pale uliulainisha usukani wa mama yake. Puli nyingine zilizunguka huku, nyingine kule, zote kwa utepe ule mweusi. Roho zao tatu zilikuwa zimening'inia hapo. Aliushangaa kama mtu anayeoneshwa moyo wake mwenyewe ukidunda.

"Kumbe ulikuwa unatuita," alinong'ona.

Darasa lilikwenda ziwani bila yeye. Wiki iliyofuata bibi alitolewa mtoto wa jicho, na alipofunguliwa bandeji akamtazama mjukuu wake kwa muda mrefu.

"Kumbe una kidoti shavuni," alisema. Kisha akamvuta karibu. "Mjukuu wangu, mtoto akilia hazibwi mdomo. Anaulizwa kinachomuuma. Na gari ni hivyohivyo."

Basi wanangu, yaepukeni haya:

Kufungua boneti bila mtu mzima.
Kutia mkono karibu na mkanda, hata kama gari limezimwa.
Kupaka mkanda sabuni, mafuta au kitu chochote.
Kuahirisha mkanda wenye nyufa kwa sababu umenyamaza.
Kuamini siri isiyo na mwenyewe.
Kumficha mama jambo ulilolifanya.