Glavu za Bwana Usafi

Kila Jumatatu na Alhamisi, kabla ya shule, Chiriku alimsindikiza bibi yake zahanati kufungwa kidonda cha mguu. Alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Bibi alitembea akiegemea bega lake, akiahidi kwamba akipona atakwenda uwanjani kumwona akicheza netiboli.

Chumba cha vidonda kilikuwa chini ya muuguzi aliyejiita Bwana Usafi. Alijiita, maana hakuna mwingine aliyempa cheo hicho. Dirishani alifunga kamba, na hapo glavu zilizokwisha tumika zilining'inia kwa vibanio kama soksi za watoto. Alizitumbukiza kwenye ndoo ya dawa ya kuua vijidudu, akazianika, akazipaka poda, kisha akazivaa tena kwa maringo, utadhani anakwenda kupokea nishani. Na kabati nyuma yake lilijaa maboksi ya glavu mpya!

"Wenzangu wanafuja," alijigamba. "Mimi boksi moja linanitosha miezi."

Asubuhi moja kidonda kilichokuwa kimeanza kufunga kilitoa usaha. Bibi alikunja uso kwa maumivu.

"Nyinyi wazee hamfuati masharti," Bwana Usafi akasema. "Umekitia maji machafu, bibi."

Chiriku alichemka. Bibi yake, anayechemsha hata maji ya kunawa uso, anaambiwa hivyo na mtu huyu!

"Samahani, muuguzi. Boksi limeandikwa glavu ni za kutumia mara moja."

"Mtoto, dawa yangu inaua kila kitu. Glavu ikitoka kwenye ndoo ni mpya."

"Basi ikijazwa maji haitavuja."

Kabla hajazuiwa, Chiriku alichomoa glavu moja kambani, akaijaza maji ya bomba. Maji yakachuruzika kwenye vidole viwili. Wagonjwa mlangoni wakaangua kicheko, na kicheko kikamleta daktari.

Daktari alitazama kamba, ndoo na kabati. "Kwa nini?" akauliza.

"Nilitaka tusifiwe kwa kubana matumizi," muuguzi akanong'ona.

"Una mchubuko mkononi. Lete nikufunge kwa glavu hizi za kambani."

Bwana Usafi akaficha mkono mgongoni upesi.

"Kumbe unajua!" daktari akasema. "Mkono wako unauficha, mguu wa bibi wa watu unaufanyia majaribio."

Daktari alinawa, akafungua boksi jipya, akakisafisha kidonda mwenyewe. Kisha akamgeukia Chiriku. "Umefanya vyema kusema, ila glavu iliyotumika haishikwi. Kanawe kwa sabuni. Na sikilizeni nyote: dawa huidhoofisha glavu na kuiachia matundu tusiyoyaona, na vijidudu hupita humo. Glavu moja, mgonjwa mmoja, kisha itupwe na mikono ioshwe. Kubania afya ya mtu si uhodari, ni ujinga."

Kamba iliondolewa siku hiyohiyo. Mwisho wa muhula bibi alifika uwanjani bila kuegemea bega la mtu, akamshangilia Chiriku mpaka sauti ikamkauka.