Mshauri Aliyekataa Kutaja Majina

Asubuhi ile mapokezi ya hospitali yalifurika. Katikati ya wagonjwa alikaa mwanamke mwenye gauni la bluu iliyokoza, mikono mapajani, akitazama tu. Muuguzi mkuu wa kitengo cha dharura, mwanamume mcheshi, akamwendea.

"Dada, umehudumiwa?"

"Siumwi. Nimeitwa nijue kwa nini wauguzi wenu wanaacha kazi. Naanza kwa kukaa."

Muuguzi akacheka.

Kwa miaka mingi mwanamke huyo aliwatibu watu kwa mazungumzo. Siku hizi hata taasisi nzima zilimwita mambo yakiharibika. Kila wiki aliketi na wauguzi mmoja mmoja, mlango umefungwa, wakasema wasiyowahi kusema hata nyumbani. Muuguzi mkuu alikiri kwamba hujifungia kwenye stoo ya mashuka na kulia.

Karibu kila jioni muuguzi huyo alimpigia simu. "Leo tukanywe chai, mama kimya?"

"Kazi yangu ikiisha, bwana. Sitoki na mtu ninayemsikiliza."

"Nitazeeka nikisubiri."

"Utazeeka vizuri."

Kisha siku moja mkurugenzi wa hospitali akamtania muuguzi kikaoni: stoo imegeuka chumba cha kulilia? Watu wakacheka. Muuguzi alitoka na kumpigia simu yule mshauri.

"Umeniuza."

"Si mimi."

"Nani basi?"

"Namjua. Lakini siwezi kukwambia."

Muuguzi akakata simu.

Wiki ikapita bila salamu. Ndipo muuguzi mwenzake wa zamu, binti mdogo, akamvuta pembeni, macho mekundu.

"Kaka, ni mimi. Nilikusikia ukilia stoo, ulimi ukaniteleza mbele ya mkurugenzi. Nilimwambia yule dada mshauri, akanitunzia siri. Jana mkurugenzi alimtaka ataje majina ya wanaolalamika. Akakataa, wakavunja mkataba wake."

Muuguzi alimkuta mshauri ofisini kwake, ameketi kwenye kimoja cha viti viwili vinavyotazamana, amevaa kitenge, hana hata hereni.

"Nimekukosea, mpenzi. Ungetaja majina tu, ungebaki na kazi na ungebaki na mimi."

"Na yule binti na wenzake wangemwamini nani tena?"

Muuguzi akasema lililomleta: "Kazi yako kwetu imeisha. Nataka kukuoa."

Mwanamke akavuta pumzi. "Kaa. Niambie ulivyoumia, nami nikwambie nilivyoumia, maana niliumia sana. Tukimaliza, kama bado unataka, uniulize tena."

Walizungumza mpaka taa za barabarani zikawaka. Muuguzi akamuuliza tena.

"Ndiyo," mwanamke akasema, na machozi yakamtoka.