Anamwimbia Ng'ombe, Hanisalimu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Akiru aliwasha moto, akapika uji, kisha akamshika baba yake begani na kumtoa nje kivulini. Alimpangusa uso kwa kitambaa chenye maji na kumnywesha uji kidogo kidogo. Baadaye alimkunjua vidole vya mkono wa kulia, mkono ambao haukuwa na nguvu tangu alipopatwa na kiharusi. Wakati huo mama yake alikuwa ameshaondoka nyumbani kwao Nawoitorong kwenda kuuza vikapu sokoni Lodwar.

"Ejok, apa," Akiru alimsalimu baba yake.

Mzee Ekidor alimtazama. Midomo yake ilicheza, ikatoka sauti isiyo na neno ndani yake, kisha akageuza uso ukutani.

Akiru akaenda kuosha kikombe. Kabla hajamaliza, alisikia sauti nzito ikiimba nyuma yake. Baba yake alikuwa akimwimbia Longor, maksai wake wa rangi ya kahawia. Alizisifu pembe zake, mwendo wake na malisho aliyoyapenda, na kila neno lilikuwa mahali pake. Mkono wa kushoto ulikuwa juu, umepindwa mfano wa pembe, maana ndivyo wanaume wa Kiturkana wanavyowaimbia maksai wao.

Akiru alikitupa kikombe kwenye beseni, maji yakamrukia sare ya shule.

"Anamwimbia ng'ombe, mimi hanisalimu," alisema kwa nguvu, makusudi asikike.

Hasira hiyo haikuwa yake peke yake. Maksai wa wimbo si ng'ombe wa kuguswa ovyo, wala hauzwi bila ruhusa ya mwenyewe. Lakini Ekidor alipolazwa hospitalini, hajitambui, kaka yake mkubwa Epuyo alimuuza Longor mnadani Kakuma ili matibabu yaendelee. Tangu hapo familia nzima iliamini jambo moja tu, kwamba Ekidor amenuna. Ulimi anao, ila ameamua kuwanyima maneno. Akiulizwa kitu, mara atikise kichwa kukubali, mara akatae kitu hicho hicho, na hilo nalo likahesabiwa kuwa kiburi. Wakaona aibu, wakalificha jambo lenyewe. Yeyote wa nje aliyeuliza aliambiwa kwamba mzee hatoi sauti kabisa.

Njiani kwenda shule, Akiru alipita dukani kununua kalamu. Khadar, mtoto wa mwenye duka, ambaye walikuwa darasa moja, alimngoja mlangoni akitabasamu.

"Babako anajifanya tu, Akiru. Jana nimemskia akiimba, tena poa sana."

Akiru alimsukuma, Khadar akakalia gunia la mchele. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alifikiri vivyo hivyo.

Aliporudi jioni, alimkuta Epuyo uani, amekalia ekicholong, kile kigoda chake kidogo cha mbao asichoachana nacho. Alikuwa ametoka Kakuma na pikapu ya kukodi.

"Nimechoka kumbembeleza mtu mzima," Epuyo alimwambia mama yake Akiru. "Mtu anayeimba ana ulimi. Kesho nampeleka Kakuma, akae bomani na mifugo. Hii kliniki yenu ya kila Jumamosi haina kazi."

"Daktari alisema asikatishe mazoezi, shemeji," mama alisema. "Akikatisha, huenda asiongee tena."

"Mazoezi ya nini? Dawa ya kununa ni kuachwa."

Ekidor aliyasikia yote. Alijaribu kusema, zikatoka sauti za kukwama tu, akapiga goti lake kwa kiganja. Akiru akashindwa kujizuia.

"Sema basi, apa! Ukitaka kuimba unaweza. Sisi umetuona si watu? Wewe ni mwongo."

Baba yake alichukua bakuli lililokuwa karibu na kulirusha ukutani. Kisha machozi yakamtoka. Akiru hakuwahi kumwona akilia, na alichukia kwamba badala ya kumhurumia bado alikuwa na hasira naye.

Mama alisimama kati yao. "Kesho ataenda kliniki kwanza. Baada ya hapo mtazungumza habari za Kakuma."

Kliniki ilikuwa chumba kimoja chenye mikeka, ngoma ndogo na kayamba. Chelangat, mtaalamu wa tiba kwa muziki aliyehamia Lodwar kutoka Kericho, alikuwa amewapokea wagonjwa wengine asubuhi hiyo. Mzee mmoja alikuwa akijifunza upya kutembea kwa kufuata mdundo. Pembeni mama mmoja, Hamdiya, alikaa na mwanawe Deeq, mtoto asiyezungumza wala kupenda kuguswa, lakini ngoma ilipopigwa taratibu alitulia, akangoja zamu yake, akapiga.

Chelangat hakujua Kiturkana, kwa hiyo Akiru ndiye aliyekuwa mkalimani wao tangu mwanzo.

"Wiki hii mzee ametoa sauti yoyote nyumbani? Kuita, kuomba, kuimba?" Chelangat aliuliza, kama alivyouliza kila walipokuja.

Akiru alifungua kinywa kusema hapana, jibu lake la siku zote. Lakini Epuyo, aliyewaleta kwa pikapu, alimtangulia.

"Huyu iko na maneno mingi, daktari. Kila siku anaimbia ng'ombe yake. Ni kukataa tu anakataa."

Chelangat aliweka ngoma chini. "Anaimba? Kwa maneno?"

"Yote," Akiru alisema kwa sauti ndogo.

"Na wewe unaniambia hapana kila wiki?" Uso wa Chelangat ulibadilika. "Akiru, nimekuwa nikifanya kazi gizani kwa sababu yako. Hicho ulichonificha ndicho nilichokuwa nakitafuta."

"Niliona aibu. Nilidhani utasema anajifanya, halafu utamfukuza."

"Hajifanyi." Chelangat alimgeukia Epuyo, na hakupunguza ukali. "Mzee, laga ikijaa maji ya mvua na kukata barabara ya Kakuma, gari inakuwa wapi?"

"Imekwama hapo."

"Na mchungaji wa mbuzi?"

"Huyo anapitia juu, kwa miguu. Anazunguka."

"Basi sikiliza. Maneno ya kuongea yanategemea sana upande wa kushoto wa ubongo, na kwa ndugu yako huko ndiko kulikoumia. Maneno yake ni kama hiyo gari. Wimbo unapitia juu. Mmemtukana mtu kwa sababu amepata njia ya kuzunguka."

Ekidor alikuwa akimtazama Chelangat bila kupepesa macho.

Chelangat alimwambia Akiru auanzishe wimbo wa Longor. Akiru aliona haya, kwani haukuwa wimbo wake, lakini alianza, na baba yake akaudaka papo hapo. Chelangat alimpigapiga Ekidor kiganja cha kushoto kwa mdundo ule ule, kisha akamtaka Akiru aliondoe jina la Longor na mahali pake atie neno 'maji'. Ekidor alikwama. Akajaribu, akakwama tena, akauvuta mkono wake kwa hasira. Mwishoni ilitoka 'ma', hafifu, na sauti ikaishia hapo.

"Hiyo tu?" Epuyo aliuliza.

"Leo, hiyo tu," Chelangat alijibu. "Ukimpeleka bomani, hata hiyo itapotea."

Epuyo alikubali kwa shingo upande. Alisema atamchukua atakaporudi kutoka mnada mwingine, kisha akaondoka bila kuaga.

Usidhani mambo yalikuwa rahisi baada ya hapo. Kila asubuhi na kila jioni Akiru aliketi mbele ya baba yake, wakaimba 'maji', 'uji', 'njoo', huku kiganja kikipigwa gotini. Kuna siku Ekidor alilipata neno, na kesho yake likatoweka kama hakuwahi kulijua. Alipokwama alirusha vitu, naye Akiru akatoka nje kuupiga teke mtungi mtupu, kisha akarudi kukaa. Khadar alipochungulia siku moja kwa maneno yake ya kejeli, Akiru alimwambia aingie apige mdundo au aende zake. Khadar akaingia. Alipoona jinsi mzee alivyotokwa na jasho kwa neno moja, hakucheka tena.

Siku Epuyo aliporudi, hata chai hakunywa. Alilikunja godoro la ndugu yake na kulibeba kuelekea kwenye pikapu.

"Twende, Ekidor. Kakuma kuna hewa nzuri."

Ekidor alilipigapiga goti lake kwa kiganja. Mishipa ya shingo ilimsimama. Akiru alitaka kumsaidia, mama akamshika mkono. Kiganja kikapiga tena, na kwa sauti ya wimbo wa Longor, polepole, kwa ghadhabu, Ekidor akaimba neno ambalo hakuna mtu aliyemfundisha.

"Si-en-di."

Epuyo alisimama na godoro begani.

"Si-en-di," Ekidor alirudia, safari hii akimtazama machoni.

Epuyo alilishusha godoro. Alikaa chini mbele ya mdogo wake, kisha akauliza kwa upole, "Ekidor, ni kweli una hasira na mimi kwa ajili ya Longor?"

Kiganja kilipiga. Neno lilichelewa sana, lakini safari hii hakuna aliyemharakisha.

"U-li-mu-u-za."

"Ndiyo, nilimuuza," Epuyo alisema. "Nilitaka upone. Lakini nilipaswa kuja kukueleza mwenyewe, na sikuja. Hapo una haki ya kunikasirikia."

Alimwashiria Akiru asogee karibu.

"Sasa hii ndiyo hasira ya baba yako, umeisikia. Ule ukimya ulikuwa ugonjwa. Tuliuita ugonjwa kiburi, tukamficha daktari, na kidogo tu tungempoteza mtu kwa ujinga wetu. Mgonjwa usimhukumu kwa macho yako, na anayemtibu usimfiche kitu hata kama kinakutia aibu."

Akiru alipiga magoti mbele ya baba yake. "Nisamehe, apa. Nilikuita mwongo."

Ekidor alikuwa bado amekasirika, na kila mtu aliliona hilo usoni pake. Lakini aliushika mkono wa binti yake, akauweka gotini pale alipozoea kupiga, ili waanze zoezi la jioni.