Mtungi wa Gesi Haulali

Asubuhi hiyo nilikuwa uani napiga pasi gauni la mteja. Mimi ni mshonaji. Mume wangu ni kinyozi. Alikuwa jikoni akimpikia mtoto uji, na mtoto mwenyewe alikuwa amelala chumbani.

Mara nikamsikia mume wangu akilalamika. "Moto gani huu? Unafifia kama mgonjwa!"

"Gesi imekwisha," nikamwambia.

Akautikisa mtungi. "Imekwisha wapi? Si hii inacheza ndani? Imelala tu. Ngoja niiamshe."

Mtaani kwetu wengi husema hivyo. Gesi ikipungua, wanasema imelala, basi wanautia mtungi joto. Mume wangu alichukua jiko la mkaa nililowashia pasi. Akaliweka mlangoni, akautoa mtungi na kuuweka ubavuni mwa jiko hilo. Nyumba yetu ina mlango huo mmoja tu. Mimi nilikuwa nimeinamia kola, sikuona kitu.

Jirani yetu akaingia uani kuchukua ovaroli lake. Yeye huchomelea vyuma, kwa hiyo tunamwita Mama Cheche. Alifika, akasimama ghafla.

"Nani kaweka mtungi hapo?"

Nikageuka. Jamani! Makaa yalikuwa mekundu. Rangi ya mtungi ilikuwa inatoa malengelenge. Mume wangu akaruka kwenda kuuvuta, lakini Mama Cheche alimdaka shati.

"Usiuguse! Zungukeni nyuma, mtoeni mtoto dirishani!"

Nilikimbia hadi chini ya dirisha. Mume wangu alipanda dirishani, akaingia. Nilimsikia mtoto akilia. Nikanyoosha mikono. Sekunde zile zilikuwa ndefu, wacheni tu. Mwishowe nikampokea mwanangu, tukakimbilia nyuma ya ukuta wa Mama Cheche.

Mama Cheche alisimama nyuma ya ukuta huo huo. Akachukua mpira wake wa maji, akamwagia makaa na mtungi kutoka mbali. Mvuke ukajaa mlangoni. Aliendelea kumwaga hata baada ya makaa kuzimika, mpaka mtungi ukapoa kabisa.

"Msiniige," alisema. "Mitungi ni kazi yangu. Ninyi mkiona hivi, kimbieni, muite zimamoto."

Nilimgeukia mume wangu. "Ungeniulia mtoto!" Nililia kwa hasira.

Baadaye mume wangu akauliza kwa sauti ya chini, "Mama Cheche, kwani kuna nini humo ndani?"

"Gesi iliyobanwa mpaka ikawa maji. Ndiyo uliyoisikia ikicheza. Ikipata joto, inageuka gesi na kutaka nafasi kubwa. Umewahi kuacha mpira wa kuchezea juani?"

"Ndiyo. Unakuwa mgumu."

"Kuna mtu aliyeongeza hewa?"

"Hakuna. Ni ile ile."

"Basi ni joto. Hewa ikipata joto, inasukuma kwa nguvu zaidi. Mpira unatanuka kidogo. Mtungi ni chuma, hautanuki. Msukumo unapanda, unapanda, mpaka chuma kinapasuka."

"Na mbona moto ulififia?" nikauliza.

"Gesi imebaki kidogo, mdogo wangu. Tena mtungi ukitumika unapoa, na ukipoa msukumo unashuka. Hakuna kilicholala humo. Moto ukififia, fungeni mtungi, mkabadilishe. Uwekeni wima, kivulini, penye hewa, mbali na moto."

Siku hiyo hiyo tuliubadilisha. Sasa mtungi wetu unakaa nje, kwenye kivuli cha ukuta. Nao moto ukififia, hakuna anayeutikisa.

Juzi nilimpelekea mume wangu chakula kibandani. Alikuwa anamnyoa mteja, nusu ya kichwa tayari. Mteja akapiga mwayo, akasema, "Fanya haraka, bwana. Gesi ya nyumbani imelala. Nimemwambia mke wangu auweke mtungi karibu na moto."

Mume wangu alizima mashine. "Nyumba yako ni ipi?"

"Ile ya kona. Kwani vipi?"

Hakusubiri kumaliza. Alitoka mbio, na mteja akamfuata na nusu kichwa chake, taulo shingoni. Watu barabarani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka, nilikimbia nyuma yao.

Mke wa mteja alikuwa uani, ndiyo kwanza anawasha kuni. Mtungi ulikuwa pembeni, bado baridi. Watoto wake watatu walikuwa wameuzunguka, wakisubiri chai.

Mume wangu aliubeba mtungi hadi nje ya lango. Kisha akawatazama wale watoto watatu, akakaa chini, akafunika uso kwa mikono.