Kumtoa Angwenyi Kwenye Picha

"Nikate hapa?" Angwenyi aliuliza, kidole kikiwa katikati ya picha, kati yake na Nyanchera.

"Hapo. Nibaki peke yangu."

Ilikuwa mwaka wa 1971, katika studio ya Angwenyi mjini Kisii. Picha hiyo walipigwa mwaka uliotangulia, wakiwa bado wanapanga kuoana. Sasa Nyanchera alikuwa ameposwa na Zachariah, mwalimu wa Ikonge, aliyetaka picha ya mchumba wake awaonyeshe jamaa zake. Angwenyi alijitolea kumpiga nyingine. Nyanchera akakataa: tangu posa ipokelewe, alisema, uso wake umekuwa wa mtu aliyefiwa.

Basi Angwenyi akamweleza. Akikata karatasi kwa makasi na kuipiga upya, uso ungeingia ukungu. Heri arudi kwenye filamu yenyewe, ainue mashine ya kukuzia picha, upande wa Nyanchera pekee uangukie karatasi, wala asiikuze sana isije ikatoa chembechembe. Taabu ilikuwa mkono wake mwenyewe, uliokuwa begani mwa msichana. Ilibidi aibane picha hadi karibu na shingo ya Nyanchera.

Katika chumba cha giza walisimama chini ya taa nyekundu, wakitazama uso ukijitokeza polepole ndani ya dawa. Ulitoka safi, hata nyusi zilihesabika. Hakuwahi kutoa kazi nzuri kama ile, na roho ilimuuma.

"Tuondoke, Nyanchera. Twende Nakuru."

"Na Ratemo je?"

Angwenyi akaitoa picha kwenye dawa, akaisuuza, akaianika. Ng'ombe wa Zachariah hawakumaliza hata wiki kwa kina Nyanchera. Walipelekwa Nyacheki kuwa mahari ya mke wa Ratemo, kaka yake Nyanchera, na mke huyo sasa alikuwa mjamzito. Posa ikivunjwa, ng'ombe wangedaiwa, na nyumba ya Ratemo ingesambaratika.

"Ningekuwa najifikiria mimi tu," Nyanchera alisema, "ningekuja na nguo zangu."

Picha ilipokauka, Angwenyi akaitia kwenye bahasha, akampa. Wakaagana kwa mkono kama watu waliokutana sokoni.

Harusi ilifungwa Ikonge, siku ya Jumapili. Siku hiyo Angwenyi alifungua studio. Mzee mmoja aliyekuja kupigwa picha ya kipande chake cha utambulisho alimtazama, akamuuliza kama anaumwa.

"Hapana, mzee."

Akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi cha kamera, akakaa humo muda mrefu, hata mzee akauliza kama ameshapigwa.