Msitu Uliosubiri Mwaka wa Tisa

Jumapili ile mama Leokadia alikuwa akikata mkate na jibini chini ya mialoni, wanawe wawili, Idalina na mdogo wake Herminio, wameketi kando yake. Mashina yalikuwa mekundu kama ngozi iliyochubuka. Juma hilo walikuwa wamebandua magome yake, yale ya kutengenezea vizibo vya chupa. Kila shina Idalina alilipaka namba nne kwa rangi nyeupe, tarakimu ya mwisho ya mwaka ule, kama marehemu baba yao alivyozoea. Gome jipya hukomaa baada ya miaka tisa.

Herminio alijinyoosha. "Basi. Mimi na msitu tutaonana mwaka wa tisa."

"Na vichaka atafyeka nani?"

"Dada, vichaka havitoi vizibo."

Mama alicheka. Idalina hakuweza. Baba alikuwa akifyeka kila majira ya baridi, kisha mbuzi wa jirani yao Zulmira wanamalizia machipukizi. Tangu afariki, vichaka vilikuwa vimefika kiunoni, na majani yake yananata mafuta. Kiangazi yanawaka kama yamemwagiwa mafuta ya taa.

"Tumwite Zulmira alete mbuzi," Idalina alisema.

"Wale waliokula shati langu la kwendea harusi kwenye kamba ya kuanikia?"

"Shati lenyewe lilikuwa linakubana."

Herminio alinuna. Mwisho wake waligawana msitu, mpaka ukiwa njia ya punda iliyopita katikati. Upande wa mashariki ukawa wa Herminio, pamoja na nyumba aliyokaa na mama. Wa magharibi ukawa wa Idalina.

Ndugu zangu, huyu kijana hakuwa mbaya. Alimpenda mama yake na alijivunia miti ya baba. Ila aliitazama ile namba akadhani inampa ruhusa ya kulala.

Idalina alifyeka kila baridi mpaka viganja vikaota sugu. Mbuzi walimfuata nyuma. Herminio akipita njiani alimtania, "Dada, siku hizi unanuka beberu."

"Beberu anafanya kazi," alijibu.

Ukafika Agosti wa mwaka wa nane. Adhuhuri moja upepo mkali wa mashariki ulileta moshi, na nyuma ya moshi moto wenyewe, ukiruka kutoka kichaka hadi kichaka na kupanda mpaka vileleni. Idalina alitaka kukimbilia nyumba ya mama. Zulmira, aliyekuwa pale na mbuzi wake, alimshika mkono. Njia haikuonekana.

Alisimama pale akihesabu moyoni hatua za mama yake mwenye magoti mabovu.

Ndipo Herminio akatokea kwenye moshi, nyusi zimeungua, mama mgongoni.

"Nishushe," mama alikuwa akisema. "Unanibana kama gunia la viazi."

Moto uliwafuata hadi njia ya punda. Ng'ambo yake haukukuta cha kupandia, ni nyasi fupi na udongo uliokanyagwa na kwato. Ukashuka, ukatambaa chini, na wazimamoto wakauzima kwa majembe na pampu za maji walizobeba mgongoni.

Nyumba ilibaki kuta. Magome ya Herminio, yaliyobakiza mwaka mmoja tu, yalikuwa makaa. Alikaa chini katikati ya mbuzi, mmoja akimtafuna mkono wa shati, wala hakumfukuza.

Majira ya kuchipua, mama alimwita aone. Matawi meusi yalikuwa yametoa majani mabichi. Mti ulikuwa hai ndani ya gome lake lililoungua. Herminio aliligusa jani, akaenda moja kwa moja kwa Zulmira.

"Naomba mbuzi."

"Na shati?"

"Ninalo lingine. Wape."

Zulmira alicheka mpaka akashika mlango. "Njoo kesho alfajiri na panga. Mbuzi wasipofika, utafyeka wewe."

Alifika. Idalina alikuwa ameshamtangulia.

Funzo

Msitu unaotulisha unatudai mikono yetu kila mwaka, hata mwaka ambao hatuvuni kitu. Tufyeke, tulishe mifugo, tusiache vichaka vya kuulisha moto mlangoni kwetu. Na anayefanya kazi hiyo tusimcheke. Siku moja tutakimbilia kwake.